Jeddah na mbu jike asiyeweza kuruka

Mahujaji wa Afrika Mashariki wanaotua Jeddah hukuta huko mdudu wanayemfahamu tangu nyumbani: Aedes aegypti, mbu mwenye madoa meupe miguuni, anayeeneza homa ya dengi, au kidingapopo.

Virusi vya ugonjwa huo vilitambuliwa mjini Jeddah mwaka 1994, na tangu hapo vimeendelea kuisumbua miji ya magharibi mwa Saudi Arabia. Riyadh, iliyo jangwani mbali na pwani, imesalimika zaidi, lakini ndiko ziliko wizara zinazotoa maamuzi. Dar es Salaam nayo ilikumbwa na milipuko mwaka 2014 na 2019.

Kunyunyiza dawa hakujatosha. Mbu huyu huzaliana katika matangi na ndoo za maji majumbani, na amejenga usugu dhidi ya baadhi ya dawa.

Jinsia na uwezo wa kuruka

Anayeuma ni jike peke yake. Mwaka 2010, watafiti wa Uingereza na Marekani walitumia jeni ya misuli ya kurukia, inayofanya kazi hasa kwa majike, kuunda mbu ambao majike wao hawawezi kuruka. Jike wa namna hiyo hafikii damu wala mume. Dume huruka kama kawaida na kurithisha kasoro hiyo.

Mwaka 2015 ilitambuliwa Nix, jeni inayoamua kuwa mbu awe dume. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kuwa Nix peke yake hugeuza majike kuwa madume, lakini madume hao hawaruki, kwa kuwa wamekosa jeni nyingine iliyo jirani nayo, myo-sex. Kumgeuza mbu jinsia, basi, si kumwezesha kuruka.

Kutoka maabara hadi mtaani

Hata hivyo, mafanikio ya maabara si ushindi. Mbu wa mwaka 2010 waliangamiza wenzao maabarani, lakini katika vizimba vya nje nchini Mexico madume wao walishindwa kushindana vyema kupata majike.

Kwa Jeddah kuna kikwazo kingine. Huo ni mji wa bandari, na mayai ya mbu huyu hustahimili ukavu kwa miezi kadhaa. Anayeangamizwa leo aweza kuletwa tena kesho na meli, hivyo kazi ya kuwaachia madume haiwezi kuwa ya msimu mmoja.

Maswali hayo hayo yanaisubiri Afrika Mashariki: nani atoe idhini, na nani agharimie? Kabla ya kupatikana majibu, kinga iliyo karibu zaidi, Jeddah na Dar es Salaam pia, ingali kifuniko cha tangi la maji.