Wazee Waache Msafara, Wasiache Safari

Mwaka jana rafiki yangu mmoja anayeishi Kitengela, mwalimu aliyestaafu baada ya kufundisha jiografia kwa zaidi ya miaka thelathini, alitangaza kwamba analiuza trela lake. Si trela la mizigo ya biashara. Ni lile alilolikokota nyuma ya gari lake kila likizo, likiwa limesheheni mahema, magodoro, jiko la gesi, madebe ya maji na sufuria, yeye na mkewe pamoja na walimu wenzao wakielekea Amboseli, Magadi au Namanga, na mwaka mmoja wakavuka mpaka hadi Arusha. Habari hizo zilipoenea mtaani, watu walimwendea kumpa pole. Mmoja alimshika mkono kwa huzuni akamwambia, "Mwalimu, sasa tumezeeka." Aliniambia kwamba neno hilo lilimuuma kuliko maumivu ya kiuno yaliyomfanya aliuze trela lenyewe.

Nakusudia kubishana na hao waliotoa pole. Imezagaa miongoni mwetu dhana kwamba mtu akishaacha kulala hemani na kuendesha gari mchana kutwa, basi ameacha kutembea na lililosalia ni kungoja siku zake. Tazama walimu wetu wanaostaafu wakitimiza umri wa miaka 60, kama sheria ilivyo tangu mwaka 2009. Wengi wao walikuwa wakiongoza ziara za wanafunzi kila muhula, wakijua kila daraja na kila kichaka. Miaka mitatu baada ya kustaafu, safari pekee wanazozijua ni za matanga na za hospitali. Ukiwauliza sababu, watakwambia kwamba nguvu hazipo tena za kufanya ziara kama zile. Hakuna aliyewaambia kwamba zipo ziara za namna nyingine.

Lugha yetu yenyewe ingeweza kutusaidia hapa, kwa kuwa inatofautisha safari na msafara, ingawa maneno hayo yana asili moja. Safari ni mwendo wa mtu kutoka hapa kwenda kule. Msafara ni kundi zima pamoja na mizigo yake, ulinzi wake na chakula chake. Joseph Thomson alipokatiza nchi ya Wamaasai mwaka 1883, akapita katika uwanda tunaouita leo Amboseli, hakuweza kwenda ila kwa msafara wa wapagazi, nao uliambatana na msafara wa mfanyabiashara wa Pangani, Jumbe Kimameta, aliyeijua njia. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1885. Mwaka uo huo, kule Uingereza, daktari mmoja Mskoti aitwaye William Gordon Stables alianza kuzunguka nchini mwao akiwa ndani ya nyumba ya mbao yenye magurudumu, iliyokokotwa na farasi, kwa ajili ya starehe tu. Kutokana na mwigo wake ukazuka mtindo mzima wa utalii, na kufikia mwaka 1907 wenye nyumba hizo za magurudumu walikuwa na chama chao. Wazungu wanaoendesha magari ya namna hiyo kutoka Cape Town kwenda Cairo, ambao baadhi yao hupita papa hapa Kitengela wakitokea Namanga, ni wajukuu wa daktari huyo. Wengi wao ni wastaafu. Na huko kwao pia hufika siku ambapo mzee huliuza gari lake la kulala, akakodi chumba mahali pamoja kwa wiki nzima, au akapanda treni.

Nilisafiri na rafiki yangu katika msafara wake mara mbili, kwa hiyo nasema ninalolijua. Tuliamka saa kumi za usiku kupakia. Tukaliacha soko la Kitengela likiwa halijafunguliwa, tukapita Isinya, tukapita mji wa Kajiado, tukapita Bissil, tukafika Namanga jua likiwa kali. Kutoka hapo tuliishika ile njia ya changarawe inayoelekea lango la Meshanani, yenye makunyanzi yaliyotutikisa hadi meno, huku trela likiruka nyuma yetu kama ndama aliyefungwa kamba kwa mara ya kwanza. Saa za jioni, ambapo ndovu hutoka kwenye vinamasi na mlima Kilimanjaro hujifunua kutoka mawinguni, sisi tulikuwa tumeinama tukigongomea vigingi vya mahema. Usiku mkubwa mmoja wetu, mtu mzima mwenye heshima zake, alihitaji kutoka nje kujisaidia, akaketi kitandani hadi alfajiri kwa kuogopa fisi. Kesho yake tukapakia tena.

Ukiniuliza leo niliona nini Kajiado katika ziara zile mbili, jibu langu la kweli ni kituo cha mafuta.

Sikusudii kuukejeli msafara. Kwa kijana una mafunzo mengi: kushirikiana, kustahimili, kupika chakula kikaliwa hata kama kimeungua. Hata hivyo sehemu kubwa ya siku yake humezwa na kazi ya kuupakia na kuupakua. Kijana ana nguvu ya ziada ya kutazama baada ya kazi hiyo, mzee hana. Akitumia nguvu zake kidogo kufunga kamba, hakubaki na za kuangalia lile alilolifuata.

Sasa sikiliza jinsi rafiki yangu anavyotembea siku hizi. Tangu mwaka 2017 tuna reli mpya ya kwenda Mombasa, na ile treni ya asubuhi inayosimama vituo vya katikati hupitia Athi River, mwendo mfupi tu kutoka Kitengela. Yeye na mkewe hupanda hapo wakiwa na mkoba mmoja mmoja, wakashuka Emali, kisha wakachukua gari la abiria kwa barabara ya lami iendayo Loitokitok hadi Kimana. Njia ile ya makunyanzi wameiaga. Hupanga chumba cha kawaida, wakakaa humo usiku tatu au nne bila ya kuhama. Asubuhi hutembea kidogo. Jua likiwa la utosi hulala. Jioni huketi wakautazama mlima wenye mita 5895 ukibadilika rangi. Aliniambia kwamba katika miaka yote ya mahema alikuwa hajapata kuuona mlima huo kwa saa nzima bila ya kushika nyundo mkononi.

Hata hapa karibu ameanza kuyaona aliyoyapita kwa miaka thelathini. Ameteremka katika mji wa Kajiado na kukaa siku mbili, akitaka kuuelewa tu. Alijua kwamba jina lenyewe limetokana na neno la Kimaasai Olkejuado, yaani mto mrefu, na hilo aliwafundisha wanafunzi wake darasani. Ila hakuwa amewahi kusimama kwenye kingo za mto huo, wala kuifuata kwa miguu sehemu ya reli iliyojengwa zaidi ya karne moja iliyopita kutoka Konza, kupitia Kajiado, ili kuleta magadi kutoka ziwani. Mwalimu wa jiografia! Yeye mwenyewe hucheka akilisema.

Mahali alipopapenda zaidi ni Olorgesailie. Kutoka Kitengela unaweza kwenda Isinya, ukakata kuelekea Kiserian na kuishika barabara ya Magadi, ukiteremka taratibu ndani ya Bonde la Ufa. Hapo ndipo Louis na Mary Leakey walipoanza kuchimba miaka ya 1940, na mwaka 1947 pakafunguliwa kwa wageni. Yapo mashoka ya mawe kwa mamia, yamelala pale pale wenyewe walipoyaacha mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, nawe unayatazama kutoka juu ya njia za mbao zilizoinuliwa, ambazo mzee anaweza kuzitembea akishika mkono wa mwenzake. Zipo banda za kulala, hafifu lakini zina vitanda. Joto la mchana halivumiliki, kwa hiyo mtu hana budi kufika jioni, kulala na kutembea mapema asubuhi. Basi la shule lililojaa wanafunzi sitini hufika saa sita za mchana, likakaa dakika arubaini na kuondoka kwenda Magadi. Nimeyashuhudia hayo, na walimu wenzangu wanajua kwamba sisemi uongo. Tunawafunza watoto kuhesabu vituo badala ya kutazama.

Wala jambo hili si geni katika nchi hii ya Kajiado. Ukame ukija, vijana wa Kimaasai huwapeleka ng'ombe malisho ya mbali, nao wazee, kina mama na watoto hubaki bomani na mifugo michache ya maziwa. Sijapata kusikia mzee akipewa pole kwa kubaki. Huketi chini ya mti, vijana wakarudi kumweleza nyasi ziko wapi na maji yamekauka wapi, naye kwa kuijua nchi huwaambia waelekee upande gani. Amebadilisha namna ya kwenda na heshima yake haikupungua hata chembe.

Upo upinzani mmoja ninaoukubali, nao ni wa gharama. Trela ni rahisi kuliko hoteli. Ukishalinunua unalala bure au karibu na bure, hali hoteli za kitalii kule Amboseli hutoza kwa usiku mmoja fedha ambazo kwa mstaafu ni pensheni ya mwezi au zaidi. Wanaosema kwamba utalii wa upole ni wa matajiri hawakukosea sana. Nami sizungumzii hoteli hizo. Nazungumzia chumba safi chenye kitanda, maji na choo ndani, kama vile vya nyumba za wageni zilizomo Kajiado, Kimana na Namanga, na nyumba za makanisa zinazopokea wageni. Vyumba vipo. Visivyokuwepo ni vitu vidogo vidogo ambavyo mzee hawezi kuishi bila ya hivyo: benchi la kupumzikia kila baada ya hatua mia kadhaa, choo cha umma kisichomlazimu kununua kinyago ndipo apewe ufunguo, kivuli kwenye kituo cha magari, na kijana wa mahali hapo anayeijua historia ya kwao na yuko tayari kutembea polepole. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inamhakikishia mtu aliyetimiza miaka 60 haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima. Serikali ya kaunti inapopanga habari za utalii, na ikumbuke kwamba benchi ni la bei nafuu kuliko bango la matangazo.

Nayaandikia haya walimu na wanafunzi kwa sababu hasara ya mzee kukaa nyumbani haimwangukii yeye peke yake. Kitengela tunayoiona leo, yenye maghorofa, lori na nyua za mawe, ilikuwa uwanda. Mbuga ya Nairobi ilipotengwa mwaka 1946 iliachwa wazi upande wa kusini, ili wanyama watoke na kuingia kwa kufuata mvua, nao nyumbu walishuka kwa maelfu hadi nyanda za Kaputiei. Viwanda vya eneo la kuuzia bidhaa nje vikaja kuanzia mwaka 1990, ardhi ikakatwakatwa, nyua zikapanda. Mradi wa kuwalipa wenye mashamba wasizungushe nyua ulianzishwa mwaka 2000, ukaokoa sehemu tu. Mwanafunzi wa leo anaweza kuyasoma hayo kitabuni, lakini kitabu hakiwezi kumsimamisha kando ya barabara na kumwonyesha: hapa, penye duka hili la vifaa vya ujenzi, niliwangoja nyumbu nusu saa wapite ndipo niendeshe gari. Wanaoweza kusema hivyo bado wapo. Wamejifungia nyumbani kwa kuwa tumewaaminisha kwamba ziara ni ya wenye viuno vizima.

Pendekezo langu kwa walimu wakuu ni dogo. Katika kila ziara ya shule ndani ya Kajiado, kitengwe kiti kimoja cha mbele kwa mwalimu mstaafu wa mtaa huo, na ratiba ipangwe kwa mwendo wake: mahali pamoja au pawili, si saba. Mtaala wa umilisi, unaotekelezwa tangu mwaka 2019, unamtaka mwanafunzi ajifunze kutokana na jamii yake. Huyo aliyeketi mbele ni jamii hiyo. Nina hakika pia kwamba wanafunzi watakaolazimika kutembea naye polepole wataona mengi kuliko waliotangulia mbio.

Trela limekwisha kuuzwa. Limenunuliwa na kijana mmoja mchuuzi wa maji, na kila asubuhi hulipitisha mbele ya nyumba ya mwalimu likiwa limejaa mitungi. Mahema hayakuuzwa. Yamekunjwa juu ya kabati, mazima kabisa, naye anasema atawapa bure maskauti wa shule yoyote ya Kajiado watakaokubali kwenda naye Olorgesailie, wao walale hemani na yeye alale bandani.