FUNDI WA NYUMBANI: Mafuta Huinua, Chuma Hushikilia

Kila aliyewahi kukwangua barabara ya shamba kwa trekta kuukuu anaijua adha hii. Bapa la kusawazisha udongo, lililofungwa nyuma ya trekta, huwekwa mshazari kwa pini. Udongo ukitakiwa kutupwa upande wa pili, dereva hana budi kushuka, kuchomoa pini, kulisukuma bapa kwa bega au kulipiga nyundo, kuirudisha pini, kisha kupanda tena. Asubuhi moja hushuka hata mara ishirini, na jioni mgongo humdai malipo.

Ndipo linapozuka swali tuliloulizwa na askari mmoja mstaafu, mwenye makazi Mengo na shamba nje ya mji: je, haiwezekani bapa hilo likageuzwa kwa mkono wa vali, dereva akiwa kitini? Yawezekana, tena kwa kazi ya hapa hapa petu. Mteremko mfupi kutoka Mengo waifikisha Kisenyi, na upande wa pili iko Katwe. Huko mafundi wa vyuma hukata, huchomelea na kuchonga tangu zamani, na mashine nyingi za kusagia mahindi zimetoka mikononi mwao. Lakini kabla hujapeleka bapa lako huko, yafaa uielewe nguvu unayotaka kuiita.

Mfumo wa haidroliki ni mafuta yanayosukumwa na pampu kupitia mipira hadi ndani ya silinda. Mafuta hayakubali kubanwa yakapungua. Kwa hiyo msukumo wa pampu huufikia uso wote wa pistoni. Chukua silinda ndogo ambayo pistoni yake ina kipenyo cha milimita 50. Pampu ikitoa msukumo wa kilo 150 kwa kila sentimita ya mraba, jambo la kawaida katika matrekta ya shambani, silinda hiyo itasukuma kwa nguvu ya kilo 2,900 na ushei. Inapovuta, nguvu hupungua kwa sababu ufito wa katikati umechukua sehemu ya nafasi. Ufito wa milimita 30 huacha nguvu ya kilo 1,880 hivi. Basi kifaa kisichozidi unene wa mkono wa mtu kinabeba nguvu ya karibu tani tatu. Kidole kilichokutwa kati ya bapa na fremu hakina la kujitetea.

Kwa kazi ya kugeuza bapa, hitaji silinda ya pande mbili, yaani inayosukuma na kuvuta, pamoja na mipira miwili na vali ya kuelekeza mafuta. Vali hiyo lazima ipatane na pampu ya trekta yako. Pampu nyingine husukuma mafuta wakati wote injini inapozunguka, na hutaka vali inayoyapa njia ya kurudi hata pasipo kazi. Ukiifungia vali isiyo na njia hiyo, mafuta yatalazimika kupita kwenye vali ya usalama saa zote. Yatachemka na pampu itachakaa. Mwonyeshe fundi aina ya trekta kabla ya kununua chochote, na vali ya usalama usiikaze kamwe kwa kutafuta nguvu zaidi.

Mipira nayo isiwe ya kubahatisha. Bomba la maji halifai, wala mpira wa bustani uliofungwa kwa waya. Nunua mpira wa haidroliki wenye nyuzi za chuma ndani, uliobanwa vichwa vyake kwa mashine. Uwe na urefu wa kutosha bapa linapofika mwisho wa kila upande, lakini usining'inie hata kunaswa na kisiki. Mafuta yawe yale yaliyoagizwa kwa trekta hiyo. Mafuta ya breki huharibu mipira ya kuzibia.

Fundi anapochomelea vishikio vya silinda, silinda yenyewe iwe imeondolewa. Betri ifunguliwe, na waya wa kurudishia umeme ubanwe karibu kabisa na mahali pa kuchomelea, ili umeme usipite kwenye beringi na kuzitoboa. Ncha zote mbili za silinda zikae kwenye pini zinazozunguka, kwani silinda iliyokazwa isigeuke hupinda ufito wake mapema.

Hapa ndipo lilipo neno letu kuu la juma hili. Mafundi wengi wakishaweka silinda huyaziba matundu ya pini, wakidhani kazi yake imekwisha. Hilo ni kosa. Bapa likigonga jiwe, pigo lote huenda kwenye ufito mwembamba na kwenye mpira wa mafuta. Acha matundu yabaki. Geuza bapa kwa mafuta, kisha kwa kazi nzito tia pini ili chuma kipokee pigo. Mafuta ni ya kuinua na kugeuza. Kushikilia ni kazi ya chuma.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo yaokoa maisha nyumbani. Usiingie chini ya bapa, wala tela, wala zana yoyote iliyoinuliwa kwa mafuta peke yake. Mpira ukipasuka, zana huanguka kabla mtu hajavuta pumzi. Tia magogo imara au vigingi vya chuma kwanza. Na trekta likirudi nyumbani, shusha zana hadi ardhini, zima injini, sukuma mkono wa vali mbele na nyuma ili msukumo uishe, kisha ondoka na ufunguo. Watoto hupenda kuchezea mikono ya vali, na zana iliyoachwa juu ni mtego.

Hatari ya mwisho haionekani kwa macho. Mpira wenye tundu dogo kama la sindano hutoa mchirizi mwembamba uwezao kupenya ngozi. Usiutafute kwa kidole hata kidogo; pitisha kipande cha kadibodi au ubao. Aliyepigwa na mchirizi huo huona alama ndogo isiyouma sana, akajifunga kitambaa na kuendelea na kazi. Lakini mafuta yaliyoingia huua nyama ya ndani kwa muda wa saa chache, na wengi wamekatwa vidole au mkono kwa kukawia. Mpelekeni hospitali saa ile ile, iwe Mengo, iliyoanzishwa mwaka 1897, au Mulago, na mwelezeni daktari wazi kwamba ni mafuta yaliyoingia kwa msukumo mkubwa.

Wazo la kuinua zana kwa mafuta lilienezwa na Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, katika miaka ya 1920 na 1930. Kabla yake jembe lilikokotwa tu nyuma. Likinaswa na jiwe, trekta liliweza kuinuka mbele na kumpindukia dereva. Viungo vyake vitatu na mafuta yake vilikuja kumlinda mkulima pamoja na kumpunguzia jasho. Nasi tunaporekebisha zana zetu, tusiirudishe hatari aliyoiondoa.

Askari hafyatui silaha asiyoikagua. Basi, kabla ya kila safari ya shambani, kagua mipira, pini na kiasi cha mafuta. Kagua ukiwa umezima injini, zana ikiwa chini. Hadi juma lijalo, kazi njema.