Gitaa Halipigwi kwa Nyota

Kuna ugonjwa umewaingia vijana wenzangu wanaojua kutengeneza programu za simu. Mtu akipata wazo, hatua yake ya kwanza ni kufungua programu ya Wazungu iliyokwisha kutengenezwa, akahesabu vitufe vyake, akatafsiri maneno, akabandika bendera ya taifa pembeni, halafu akatutangazia kwamba kazaa. Safari hii mtoto anayesubiriwa ni programu ya mazoezi ya gitaa: ratiba ya kila siku, hesabu ya dakika, na nyota za dhahabu kwa atakayefanya vizuri. Washikaji wananiuliza, je, wazo si bomba? Wazo ni bomba. Mtoto mnayetaka kutuletea ndiye kanyaboya.

Kabla hamjaanza kunizomea, niweke jambo moja sawa. Mimi si wa kundi la wazee wanaosema gitaa halifundishwi na mashine. Hao nao nina ugomvi nao. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda kule Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, Kongo. Santuri zake zikasambaa mpaka Afrika Mashariki. Vijana ambao hawakupata kumtia Mwenda machoni walikaa mbele ya gramafoni, wakairudisha sindano nyuma mara kwa mara, mpaka wakaelewa namna kidole gumba kinavyotembea kwenye nyuzi nene huku cha shahada kikiimba kwenye nyuzi nyembamba. Gramafoni ile ilikuwa nini kama si mwalimu wa chuma? Basi simu nayo yaweza kuwa mwalimu. Swali ni moja tu: mwalimu huyo anapima nini?

Zitazameni hizo mnazoziiga. Yousician, ya Wafini wa Helsinki, husikiliza gitaa lako kwa maikrofoni ya simu, ikakuonyesha umepatia wapi na umekosea wapi, na mwisho ikakupa alama. Fender Play, iliyoanzishwa mwaka 2017 na kampuni ya magitaa ya Marekani, hukupanga katika njia: rock, blues, country na nduguze. Sitasema ni kazi mbovu. Ni kazi ya watu waliomjua mwanafunzi wao. Wamemfikiria mtu mmoja, ndani ya chumba kimya, mwenye gitaa lake, simu yake, intaneti isiyokatika na pesa ya kulipia. Mtu huyo wamemhudumia barabara.

Sasa njooni Kigombe, katikati ya njia ya Tanga na Pangani. Hapa nawajua vijana wanne wenye gitaa kavu moja. Moja! Linazunguka kijiweni kama kikombe cha kahawa. Huyu akilishika, watatu wanasubiri. Pembeni kuna pikipiki, kuna redio, kuna watu wanabishana bei ya samaki. Mpe maikrofoni kazi ya kusikiliza hapo uone: itawaandikia makosa ya pikipiki. Tena itasema mmoja kafanya mazoezi dakika 15, na watatu hawakufanya kitu. Lakini huyo mmoja anaweza kuwa kapoteza dakika zote 15 akirudia anachokijua tayari, na miongoni mwa wale watatu yumo aliyekuwa akiifuata besi kwa mdomo, dum-dudum, mpaka ikamkaa kichwani. Nani hapo amefanya mazoezi? Programu yenu inampa nyota asiyestahili.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye hoja yangu, na nitaisema waziwazi ili anayetaka kunipinga ajue pa kupiga. Programu ya mazoezi ya gitaa ipimwe kwa kile mtu anachoweza kupiga pamoja na mwenzake baada ya simu kuzimwa. Dakika alizokaa nayo si kipimo. Nyota si kipimo. Siku 30 mfululizo bila kukosa si kipimo. Hata jogoo huwika siku 30 mfululizo, na wimbo wake ni uleule.

Kwa nini nasema "pamoja na mwenzake"? Kwa sababu gitaa letu ndivyo lilivyo. Hatukulirithi likiwa la mtu mmoja anayekwangua kodi tatu (si kodi zile za TRA) huku akiimba. Tulilirithi likiwa mazungumzo: solo anasema, solo wa pili anadakia, ridhimu anashikilia, besi anawakumbusha wote walikotoka. Tanga yetu hii, miaka ya 1960 na 1970, ilikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zikichuana mji mmoja, na Black Star na Lucky Star zikaliingiza gitaa la umeme ndani ya taarabu. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walipita Jamhuri Jazz kabla ya kwenda Arusha na hatimaye Kenya, ambako Simba Wanyika ikapata jina. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao wakatoka na kuunda Les Wanyika. Isikilizeni "Sina Makosa" leo usiku, lakini msimsikilize mwimbaji. Msikilizeni Omar Shabani kwenye ridhimu. Anachopiga ni kifupi, kinajirudia, mtu wa haraka atasema ni rahisi. Kisha msikilizeni Tom Malanga kwenye besi namna anavyoacha mapengo. Ridhimu inakaa ndani ya mapengo yale. Ondoa mmoja, mwingine anabaki kama mtu anayejibu salamu ambayo hakupewa.

Haya niambieni, programu inayomsikiliza mtu mmoja itamfundishaje mtu kuacha pengo? Itampaje alama kwa noti ambayo hakuipiga kwa makusudi, ili mwenzake apite?

Wapo wataalamu wa mjini watakaonirushia zile saa 10,000. Nao wazisome vizuri. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake waliandika juu ya wanafunzi wa fidla wa Berlin. Walichokisisitiza ni aina ya mazoezi: kuchagua udhaifu wako, kuushughulikia kwa akili yote, kuambiwa ulipokosea, kurekebisha. Ile namba ilikuja kuvuma mwaka 2008 kwa kitabu cha Malcolm Gladwell, na Ericsson mwenyewe alilalamika kwamba imeeleweka vibaya. Lakini namba ni tamu. Namba inawekwa kwenye kioo cha simu, udhaifu hauwekeki. Ndiyo maana watengenezaji wanapenda saa.

Msije mkasema huyu kazi yake kubomoa tu. Nitawaambia ningejengaje, ingawa mimi ni mtu wa riwaya na fundi ni nyinyi.

Kwanza, ianze na mikono mitupu. Dakika tano za kusikiliza kipande kifupi, kuimba besi yake, kupiga makofi ya ridhimu. Hapo wale watatu wasio na gitaa wana kazi sawa na yule mwenye gitaa. Programu itambue watu wanne katika simu moja, igawe zamu, na kila anayesubiri ipewe jukumu. Gitaa likihama, majukumu yahame.

Pili, mapigo. Kihesabu-mapigo kinachosema tik-tik-tik-tik, nne kwa nne, si mapigo ya dunia nzima. Chakacha ina mapigo sita, na mtoto wa pwani anaijua kiunoni kabla hajaijua kwa hesabu. Mpeni ngoma inayolia kama ngoma, aianzie huko anakokujua. Na enyi mafundi, msitegemee saa ya kawaida ya programu kuyapanga mapigo hayo. Simu ya bei rahisi ikielemewa, pigo linachelewa, na mwanafunzi anajifunza kuyumba. Yapangwe ndani ya mkondo wenyewe wa sauti, kwa kuhesabu sampuli.

Tatu, isile simu. Dakika moja ya sauti isiyobanwa, yenye sampuli 44,100 kwa sekunde, hula kama megabaiti tano. Masomo 50 ya namna hiyo yataijaza simu ya mtu mpaka afute picha za harusi ya dada yake. Lakini tangu mwaka 1983 Kevin Karplus na Alexander Strong walishatoa njia: unachukua kelele fupi sana, unaizungusha, na kila mzunguko unailainisha kidogo, inatoka sauti ya uzi uliodonolewa. Mistari michache ya programu, hakuna faili la sauti, hakuna bando. Sauti za watu halisi ziwepo, ila chache na za maana.

Nne, ichanganye. Mwaka 1979 Shea na Morgan walilinganisha waliorudia tendo moja mpaka liishe ndipo waende la pili, na waliochanganyiwa matendo. Waliochanganyiwa walionekana wabovu wakati wa mazoezi, lakini baadaye wakakumbuka zaidi. Maana yake ni hii: programu inayomfanya mwanafunzi ajione hodari leo huenda inamdanganya. Chukueni masanduku ya Mjerumani Sebastian Leitner, ya mwaka 1972. Kipande ulichokipiga vizuri kinasogea sanduku la mbele, kitarudi baada ya siku nyingi. Ulichokosea kinarudi sanduku la kwanza, kesho unakutana nacho. Na nani aamue kwamba umekosea? Mwenzako aliyekaa mbele yako. Ana masikio, na pikipiki haimchanganyi.

Tano, na hii ndiyo sheria kuu, kila zoezi liishie kwa watu wawili. Programu ipige ridhimu leo, kesho inyamaze na iseme: "Mtafute wa kukushikia." Programu nzuri ni ile inayokufukuza.

Hapo nasikia mtu akipiga kelele: "Bila nyota vijana wataacha! Vijana wa siku hizi hawana subira!" Maneno hayo tumeyachoka. Mvulana wa hapa huenda baharini usiku, asubuhi akashona nyavu, na hakuna anayempa nyota. Anashona kwa sababu kuna watu ndani ya chombo wanaomtegemea. Unafikiri wale wa Jamhuri Jazz walihudhuria mazoezi kwa sababu ya nini? Kulikuwa na dansi mbele yao, kulikuwa na Atomic upande wa pili wa mji, na kulikuwa na mpiga solo atakayeaibika kama ridhimu hakuja. Ukitaka kijana arudi kesho, mpe mtu anayemsubiri. Nyota humleta siku ya kwanza. Sisi wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Programu za nyota ndivyo zilivyo, leo unaipakia, leo unaifuta.

Kuna jingine linaloniuma kama mtu wa kalamu. Lugha. Nimeona programu zilizotafsiriwa zikimwambia mtu, "Hongera! Umefungua mafanikio mapya!" Mafanikio yamekuwa kopo la maziwa? Mwalimu wa gitaa wa Kiswahili husema: taratibu. Husema: rudi ulikotoka. Husema: usimkimbie mwenzako. Maneno matatu hayo yana mafunzo kuliko kurasa kumi za maelekezo. Nyinyi mnaotamani kuwa waandishi na mnalia hakuna wa kuwachapa, kazi hii hapa. Sentensi inayosomwa na mtu mwenye vidole vinavyouma inahitaji mwandishi kweli kweli. Anayedhani huo si uandishi na aijaribu.

La mwisho ni haki. Nimetaja nyimbo na watu, na najua mwenye tamaa keshaanza kupanga kuzipakua zote. Aache. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, COSOTA ipo, na hata visingekuwepo, aibu ipo. Wapo wapiga magitaa wazee Tanga, Muheza, Korogwe, wanaokaa barazani na vidole vyenye maktaba nzima. Watafuteni. Walipeni wapige mazoezi mapya, mafupi, ya kufundishia, na majina yao yaandikwe kwa herufi kubwa. Kila mwaka mmoja wao anapozikwa, kuna namna ya kushika ridhimu inayozikwa naye, na hakuna programu itakayoifukua.

Na msiniambie mambo hayo yamekwisha zamani. Kwenye bahari yetu hii wavuvi wamemtoa silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka mamilioni ya miaka iliyopita mpaka alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Hakuwa ametoweka. Alikuwa chini sana tu, na wao walikuwa wakitazama juu.

Basi mafundi, chaguo ni lenu. Mnaweza kutuletea tafsiri, mkapata mshiko wa miezi sita na picha ya kupokea tuzo. Au mnaweza kukaa kijiweni na vijana wanne na gitaa moja, mkaandika kwanza kwenye daftari nani anafanya nini wakati gani, kabla hamjagusa kompyuta. Daftari ninalo, na kalamu ninayo. Anayejua kutengeneza aje. Asiyekubaliana nami aandike kwenye kurasa hizihizi, tumsome.