Kidimbwi cha Uani

Mwombe kijana yeyote wa shule achore nyumba atakayoijenga siku atakapokuwa na mali, nawe utaona kwamba penseli yake haipumziki mpaka imetia mambo matatu: ghorofa, lango la chuma, na nyuma ya nyumba kidimbwi cha kuogelea chenye maji ya samawati. Ghorofa lina sababu, maana watu huzaa na kuongezeka. Lango nalo lina sababu, maana wezi wapo. Sababu ya kidimbwi ni ipi? Ukimwuliza atakwambia kuwa ni starehe. Na ukimwuliza kama anajua kuogelea, aghalabu atacheka. Yamkini wewe usomaye ukurasa huu u mmoja wa wachoraji hao. Insha hii imekuja kugombana na mchoro wako kabla haujawa saruji.

Tuanze na hesabu, kwani hesabu haina upendeleo. Kidimbwi cha uani chenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5, na kina cha wastani cha mita 1.5, huchukua lita 75,000 za maji. Zigawe katika mitungi ya lita 20, utapata mitungi 3,750. Hayo ni maji ya kujaza mara ya kwanza tu. Jua na upepo navyo hunywa. Katika siku kavu uso wa maji waweza kushuka nusu sentimita, nayo ni lita 250, yaani zaidi ya mitungi 12 iliyopaa hewani pasipo mtu kunawa hata uso. Chujio la mchanga nalo sharti lioshwe kwa kurudisha maji nyuma kila lizibapo, na kila mwosho humwaga lita mia kadhaa mferejini.

Wahenga walisema kuwa maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mwenye kidimbwi ameyavulia nguo maji yasiyokwisha kuogwa. Mto hujisafisha kwa kwenda kwake. Kidimbwi hakiendi popote, na kila kiingiacho humo hukaa humo: majani, vumbi, jasho, mafuta ya mwili, mkojo wa watoto, na wadudu waliovutwa na taa. Kwa hiyo hana budi kununua pampu ya kuyazungusha maji yote mara moja kwa siku. Pampu ya nguvu ya farasi mmoja, ikifanya kazi saa 8, hula yuniti 6 hivi za umeme kila siku, na mwezi ukiisha ni yuniti 180. Hana budi kununua klorini pia, ili kuua vijidudu. Lakini jua lile lile lililomfanya atamani kuogelea huivunja klorini isiyokingwa kwa dawa nyingine ikaisha kwa saa chache. Kipimo cha uchachu, kiitwacho pH, sharti kikae baina ya 7.2 na 7.8. Kikishuka chini ya hapo maji huwasha macho na kula vyuma. Kikipanda juu ya hapo klorini hulala usingizi, na mwani mwembamba wa kijani huanza kutambaa ukutani. Akikisahau kidimbwi kwa juma moja la joto, atakuta supu ya mboga.

Liko kosa moja ambalo hata watu wenye elimu hulifanya. Hunusa harufu kali penye kidimbwi wakasema, hapa pana usafi. Kinyume chake ndicho kweli. Klorini iliyo katika maji safi haina harufu nyingi. Harufu ile huzaliwa klorini inapoungana na jasho na mkojo. Pua imeonywa kuhusu uchafu, lakini mwenye pua anausifu.

Na kazi hii yote, je, mwenye nyumba huifanya kwa mkono wake? La. Humwajiri mtu wa kuokota majani kwa wavu alfajiri, kusugua vigae, na kupima dawa. Mtu huyo huingia kazini akitoka katika chumba cha kupanga ambako maji hununuliwa kwa mtungi. Anaachiwa magunia ya klorini ya unga na madumu ya asidi, mara nyingi pasipo glavu wala mafunzo, ilhali vitu hivyo viwili vikichanganywa hutoa hewa ya sumu, ile ile ambayo majeshi ya Ujerumani yaliitumia kuwaua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwezi wa Aprili 1915. Nieleze, msomaji, ni wapi katika mchoro wako ulipomchora mtu huyu.

Lakini gharama na taabu ni mambo ya mwenye mali, na mtu anayependa kutaabika kwa fedha yake mwache ataabike. Ninalolishtaki zaidi ni mengine.

La kwanza ni roho za watoto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Nchini Marekani, ambako vidimbwi vya nyumbani ni vingi, watoto wa umri wa mwaka 1 mpaka miaka 4 wanaokufa maji, wengi wao hufia katika vidimbwi. Wala usidhani kwamba mtoto anayezama hupiga kelele. Maji yakimziba kinywa hana pumzi ya kuitia; huzama kimya, mama akiwa jikoni na baba akiwa kwenye simu. Ufaransa ililiona jambo hili ikapitisha sheria mwaka 2003, kwamba kila kidimbwi cha nyumbani kilichochimbwa ardhini kiwe na kinga ya kuwazuia watoto: ua, kifuniko, king'ora au paa. Ua ulio bora huzunguka kidimbwi pande zote nne, hata upande wa nyumba, na lango lake hujifunga lenyewe. Watu wetu wengi hujenga ukuta mrefu wa kuwazuia wezi barabarani, wakauacha mlango wa sebuleni ukitazamana na maji. Mwizi ameogopwa kuliko kifo.

Kidimbwi kilichoachwa nacho si shimo tu. Mwaka 2007, watu wa mji wa Bakersfield katika jimbo la California waliposhindwa kulipa mikopo ya nyumba zao wakazihama, vidimbwi vyao viligeuka kijani vikajaa mbu, na wagonjwa wa homa ya virusi vya West Nile wakaongezeka sana katika wilaya hiyo. Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuhitaji kuambiwa mbu ni nani.

La pili ni maji yenyewe. Bwawa la Ndakaini, huko Murang'a, ndilo linaloleta sehemu kubwa ya maji ya Nairobi tangu mwaka 1994. Mvua ikipungua huko, mji mzima huona kiu, na mitaa mingi hupata maji kwa zamu, siku chache katika juma. Mtu mmoja huhitaji kama lita 50 kwa siku za kunywa, kupika, kuoga na kufua. Basi lita 75,000 za kidimbwi kile zingewatosha watu watano kwa siku 300. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Haikutaja samawati.

Wako watakaosema kwamba kidimbwi kimoja ni tone katika bahari. Waitazame Cape Town. Ukame wa miaka ya 2015 mpaka 2018 ulipoukaba mji huo, kila mtu aliwekewa mpaka wa lita 50 kwa siku kuanzia Februari 2018, na kujaza vidimbwi kwa maji ya mji kukapigwa marufuku. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba watu wenye uwezo wa mji huo, ambao hawafiki 14 katika kila watu 100, walikuwa wakitumia zaidi ya nusu ya maji yote ya majumbani, na sehemu kubwa yalikwenda katika bustani, vidimbwi na kuosha magari. Matone ya wachache yalikuwa bahari.

Hapo mwenye mali hunijibu, "Nimechimba kisima changu mwenyewe, simnyang'anyi mtu." Ni jawabu dhaifu. Maji yaliyo chini ya ardhi hayajui mpaka wa shamba wala hati ya kumiliki. Mashine yako ikivuta leo, maji ya chini hushuka, na jirani sharti achimbe zaidi kesho. Wala fedha haliondoi neno hili. Fedha yako hununua pampu. Mvua haiuzwi popote.

La tatu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kidimbwi cha uani hufunza watu kujifungia. Habari za Marekani zinatoa ushahidi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, miji ya huko ilijenga vidimbwi vikubwa vya umma, vingine vikichukua maelfu ya watu kwa siku moja. Wengi wa Weusi walizuiliwa, ama walipewa vidogo vyao pembeni. Tarehe 21 Juni 1949, mji wa St. Louis ulipowaruhusu kwa mara ya kwanza kuogelea katika kidimbwi cha Fairground Park, kundi kubwa la Wazungu liliwavamia na kuwapiga vijana Weusi. Mahali pengine vita vilipiganwa kwa kufuli. Mji wa Jackson, huko Mississippi, ulipotakiwa kuwachanganya watu, uliona heri kuvifunga vidimbwi vyake vya umma. Na mwaka 1971 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaamua, majaji 5 dhidi ya 4, kwamba haukuvunja Katiba. Nao wenye fedha walikwenda wapi? Walikwenda uani. Mwaka 1950 jamaa 2,500 hivi tu walikuwa na vidimbwi vilivyochimbwa nyumbani kwao. Kufikia mwaka 1999 walipita milioni 4. Sisemi kwamba kila mmoja wao alichimba kwa chuki. Lakini mwenye kidimbwi chake hana haja tena ya kupigania cha umma, na cha umma kisicho na mtetezi hukauka. Leo hii, watoto Weusi wa nchi hiyo wenye umri wa miaka 10 mpaka 14 hufa maji katika vidimbwi kwa kadiri inayozidi ya wenzao Wazungu zaidi ya mara 7. Kufuli ilifungwa zamani. Maiti zingali zikihesabiwa.

Sasa turudi kwetu. Watoto wetu hufia katika machimbo ya mawe yaliyojaa mvua, katika mabwawa ya kunyweshea mifugo, na katika mito ya masika. Hawafi kwa kukosa kidimbwi cha uani. Hufa kwa kukosa mtu wa kuwafundisha. Chukua zile zile lita 75,000, uziweke katika uwanja wa shule ya kutwa. Waingize watoto 20 kwa nusu saa, vipindi 8 kwa siku, siku 5 kwa juma: watoto 800 wamejifunza kushika pumzi, kuelea chali na kufika ukingoni. Nyuma ya lango la chuma, maji hayo hayo huwatosha watu watano, tena Jumapili tu, tena kama hakuna baridi. Nao mwaka wa pili, kama ilivyo desturi, huacha kuingia, wakabaki kulipa umeme.

Basi madai yangu ni haya. Kaunti zilizo na uhaba wa maji zitoze kidimbwi cha nyumbani bei kubwa ya maji, na fedha hiyo ijenge vidimbwi vya kufundishia. Kidimbwi kisicho na ua wa pande nne kisipewe kibali. Mfanyakazi wa dawa apewe glavu, barakoa na mafunzo kabla ya kupewa wavu. Na wewe, kama baada ya haya yote bado utashika koleo, kwa maana mali huwapa watu ukaidi, chimba kisichozidi mita moja na nusu penye kina kirefu, kifunike kwa turubai usiku ili upepo usikunywee, na Jumamosi asubuhi wafungulie watoto wa mtaa, mwalimu akiwa amesimama kando ya maji.