Kabla ya 2028, nani amemuuliza mwalimu hali yake?

Januari 2028 shule za sekondari zinatarajiwa kupokea makundi mawili ya kidato cha kwanza kwa mpigo. Kundi moja litakuwa limemaliza darasa la saba kwa mtaala wa zamani. La pili litakuwa limemaliza darasa la sita kwa mtaala mpya ulioanza kutumika 2024.

Likitajwa suala hili, wengi wanawaza madarasa, madawati na vyoo. Vyote vinahitajika. Lakini mwalimu atakayesimama mbele ya watoto hao naye ana kikomo, na wengi wamekifikia tayari.

Vijiweni utasikia walimu wa siku hizi wavivu, wanachelewa, wanashinda kwenye simu. Wapo wa hivyo, kama walivyo kwenye kila kazi. Ila mengi yanayoitwa uvivu ni uchovu wa muda mrefu ambao hakuna aliyeuangalia.

Uchovu huu ni upi?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuingiza uchovu wa kazi kwenye orodha yake mpya ya magonjwa na hali za kiafya. Halikuuita ugonjwa. Liliueleza kuwa ni hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa.

Dalili zake ni tatu. Mtu anaishiwa nguvu. Anaanza kuichukia kazi yake, au kuifanya kama mtu asiyehusika. Kisha anajiona hana tena uwezo wa kuifanya vizuri.

Ukizihamishia dalili hizo darasani, picha inakuja haraka. Ni mwalimu anayeandika notisi ubaoni na kukaa, asiyeuliza tena kwa nini mtoto fulani hajaonekana wiki nzima. Miaka kumi iliyopita huenda ndiye aliyekuwa akimfuata mtoto huyo hadi kwao.

Hesabu ya madaftari

Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wameingia shuleni. Hilo ni jambo jema. Tatizo ni kwamba walimu hawakuongezeka kwa kasi ileile.

Kiwango kilichozoeleka kwa shule ya msingi ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45. Kwenye shule nyingi za vijijini, na hata za pembezoni mwa miji, darasa lenye watoto 90 au zaidi si habari ya kushangaza.

Chukua darasa la watoto 90. Mwalimu akitoa zoezi moja la hesabu na kutumia dakika 2 kwa kila daftari, kusahihisha kunachukua saa 3. Akiwa na masomo matatu kwa siku, ni saa 9, na bado hajaandaa kipindi cha kesho.

Hapo ana njia mbili: abebe madaftari nyumbani kila usiku, au apunguze mazoezi. Wengi huanza na ya kwanza na kuishia kwenye ya pili. Mzazi akifungua daftari na kukuta tarehe ya mwisho ni ya wiki mbili nyuma, anasema mwalimu hafundishi.

Juu ya hapo kuna kazi za makaratasi na za mtandao. Andalio la somo, mahudhurio, takwimu zinazoombwa leo na kutakiwa leo. Tangu mfumo wa PEPMIS uchukue nafasi ya OPRAS, mtumishi wa umma anajaza kazi zake kwenye mfumo. Kwa mwalimu wa kijijini hiyo ina maana ya kutafuta mtandao, mara nyingi kwa bando la mfukoni mwake.

Mkopo unaomaliza usingizi

Ukikaa na walimu wanaoaminiana, mazungumzo huhama haraka kutoka darasani kwenda kwenye madeni.

Kwa utaratibu wa serikali, makato ya mtumishi yanatakiwa kumwachia angalau theluthi moja ya mshahara wake. Benki inauona mstari huo, na ukishafika hapo inakukatalia. Lakini mtoto bado anataka ada ya chuo, mzazi amelazwa, na nyumba ya kupanga inadaiwa.

Hapo ndipo anapoingia mkopeshaji wa "kausha damu". Huyu haangalii theluthi. Anachukua kadi ya benki na namba ya siri, na mshahara ukiingia yeye ndiye wa kwanza kwenye mashine ya kutolea fedha. Deni hilo halionekani kwenye hati ya mshahara, kwa hiyo mwajiri anamhesabu mwalimu huyo kuwa salama.

Simu nazo zimeleta za kwao. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Baadhi ya wakopeshaji wa aina hiyo hutuma ujumbe wa kumdhalilisha mdaiwa kwa watu waliomo kwenye simu yake. Kwa mwalimu, watu hao ni pamoja na wazazi wa wanafunzi wake.

Mwalimu aliyelala akiwaza aibu hiyo hawezi kuingia kipindi cha kwanza akiwa mzima.

Nyongeza haijasaidia?

Imesaidia. Mei Mosi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha mshahara wa umma kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000, kuanzia Julai mwaka huo. Walimu waliokwama madaraja baada ya zoezi la uhakiki wa watumishi la 2016 nao wamekuwa wakipandishwa kwa utaratibu wa mserereko.

Ila nyongeza inatibu sehemu ya ugonjwa. Haipunguzi watoto 90 kuwa 45. Haimsogezi mwalimu aliyepangiwa kazi mkoa mmoja huku mwenzi wake yuko mwingine. Na anayeshika kadi yake ya benki anafurahia nyongeza kabla yake.

Adhabu kutoka juu, fimbo kwenda chini

Februari 2009 mkuu wa wilaya ya Bukoba aliamuru walimu 19 wa shule za msingi wachapwe viboko kwa madai ya uchelewaji na matokeo mabaya. Alifukuzwa kazi. Lakini tukio lile lilionyesha namna mwalimu anavyoweza kutazamwa: matokeo yakishuka, wa kwanza kubanwa ni yeye.

Siku hizi hakuna fimbo kwa walimu, ila vikao vya tathmini vya kusimamishwa na kuulizwa "kwa nini umeshuka" bado vipo. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule bora mwaka 2023, lakini kulinganisha shule na shule kumeendelea huku chini.

Shinikizo hilo linaishia kwa mtoto. Kanuni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, na vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha kwa maandishi. Mwalimu mwenye watoto 90, deni na kikao kinachomsubiri Ijumaa hakumbuki kanuni. Anayeshika fimbo kwa hasira bado anawajibika mwenyewe. Lakini anayetaka viboko vipungue hawezi kuukwepa uchovu wa anayevitoa.

Wapo nje wanaosubiri

Cha kushangaza ni hiki. Katika usaili wa walimu ulioanza Januari 2025, walioitwa walikuwa zaidi ya 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000. Ndani ya shule mmoja anabeba kazi ya wawili, na nje wapo waliosomea kazi hiyohiyo wanaoendesha bodaboda au kuuza mitumba.

Serikali inasema bajeti haitoshi kuajiri wote, na ni kweli kwamba mshahara ni mzigo wa miaka 30 au zaidi. Lakini mwalimu aliyechoka naye ana gharama. Analipwa mshahara kamili kwa nusu ya kazi, na hasara inaonekana mtoto anapofika darasa la nne hajui kusoma.

Nini kifanyike kabla ya 2028

Ajira mpya zipelekwe kwanza kwenye madarasa ya chini, yenye watoto wengi kuliko yote. Huko ndiko kusoma na kuandika kunapojengwa, na huko mwalimu mmoja wa ziada anaonekana haraka.

Ripoti zipunguzwe. Takwimu moja isiombwe mara tatu na ofisi tatu za halmashauri ileile. Hili halihitaji bajeti.

Vikao vya MEWAKA, ambapo walimu hukutana shuleni kujifunza, vinaweza kutenga muda wa kuzungumza mizigo yao bila kuandikwa majina. Mwalimu mkuu naye afundishwe kutambua mtu anayezama kabla ya kumwandikia barua ya onyo.

Kwenye madeni, Chama cha Walimu na halmashauri wanaweza kuimarisha SACCOS za walimu ili mwenye dharura apate pa kukimbilia. Kushika kadi ya benki ya mtu kama dhamana kukomeshwe kwa vitendo, kwa sababu wanaofanya hivyo wanajulikana mtaani.

Mzazi naye ana nafasi. Akikuta daftari halijasahihishwa, swali la kwanza liwe: darasa hili lina watoto wangapi? Jibu atakalopata alipeleke kwenye kamati ya shule na kwa diwani wake, kabla ya wale wa 2028 kufika mlangoni.