Tamko la Wakulima wa Kahawa Isansa Kuhusu Makisio ya Mtambo wa Kuchakata Kahawa

Sisi wanachama wa ushirika wa wakulima wa kahawa, Kata ya Isansa, Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, tuliokutana katika mkutano mkuu maalumu, tunatoa tamko hili kwa wanachama wenzetu, kwa viongozi wa ngazi zote, kwa taasisi za fedha na kwa wahandisi wanaotaka kufanya kazi nasi.

Mkutano wetu uliletewa karatasi moja. Juu yake palikuwa na picha ya mtambo wa kumenya na kuosha kahawa, chini yake jumla moja ya shilingi. Tuliombwa tupitishe makato kwa kila kilo ili malipo yaanze. Bibi mmoja, mwanachama wa siku nyingi, akauliza maji ya kuoshea kahawa yatatoka wapi. Akajibiwa kwamba mto upo. Akauliza tena, "Upo mwezi gani?" Ukumbi mzima ukanyamaza.

Kahawa yetu huiva kiangazi, mvua zikiwa zimekwisha na vijito vimepungua. Aliyekuja kukagua eneo alikuja wakati wa mvua, akaona maji yamejaa, akapiga picha, akaondoka. Hakupima kitu. Hakuuliza pia maji machafu yenye maganda na utelezi yatakwenda wapi, wakati chini ya eneo lile kuna watu wanaoteka maji ya kunywa.

Liko na jambo la wingi. Karatasi ilichukua kilo za msimu mzima ikazigawa kwa siku za msimu. Mkulima yeyote anajua kahawa haiivi kwa mgawanyo huo. Zipo wiki mbili tatu ambazo kila nyumba inachuma kwa pamoja, na kahawa mbivu haitaki kulala. Inapaswa kumenywa siku ileile iliyochumwa, vinginevyo inachacha na daraja linashuka. Mtambo uliopimwa kwa wastani utaelemewa katika wiki hizo, kisha utakaa bila kazi siku nyingine. Vichanja vya kuanikia navyo havikuhesabiwa kabisa, ingawa ndivyo vinavyokula eneo kubwa kuliko mashine yenyewe.

Mtambo tunautaka. Kila nyumba ikimenya kwa mashine yake ya mkono, kahawa inatoka ya kila aina na bei inaumia. Lakini jumla iliyoandikwa kabla ya kupima maji na udongo, na kabla ya kusoma vitabu vya mizani, hatuwezi kuipigia kura.

Wataalamu wa makisio wanazo ngazi 5, zilizopangwa na chama chao cha kimataifa, AACE International. Katika ngazi ya 5, kinachojulikana ni wazo na ukubwa tu; gharama halisi inaweza kuzidi makisio kwa asilimia 30 hadi 100. Katika ngazi ya 3, ambayo kwa kawaida ndiyo ya kuidhinishia bajeti, ziada hiyo hushuka kuwa kati ya asilimia 10 na 30. Katika ngazi ya 1, michoro ikiwa imekamilika au inakaribia, ziada hubaki asilimia 3 hadi 15. Karatasi tuliyoletewa ni ya ngazi ya 5 iliyovishwa koti la ngazi ya 1.

Mkoa wetu umeshaona kazi ikipimwa kabla ya bei. Reli ya TAZARA, inayopita Vwawa na Tunduma, ilianza kwa makubaliano ya mwaka 1967. Wapimaji wakatembea njia yote kwanza, na ni mwaka 1970 ndipo kiasi cha mkopo wa China, yuan milioni 988, kilipokubaliwa. Ujenzi ukaanza Oktoba mwaka huohuo. Mradi wa madini adimu wa Ngualla, wilayani Songwe, ulifanyiwa upembuzi wa awali mwaka 2014, upembuzi yakinifu mwaka 2017, ukahuishwa mwaka 2022, na leseni maalumu ya uchimbaji ikatolewa mwaka 2023. Sisi hatuna miaka tisa. Misimu miwili inatutosha.

Mfano wa upande wa pili uko Morogoro. Kiwanda cha viatu kilichojengwa huko kwa mkopo wa Benki ya Dunia kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Mashine zilikuwepo. Kilichokosekana ni watu wa kuuliza maswali mapema, wakati jibu la "hapana" bado lilikuwa rahisi.

Kwa hiyo tumeazimia kwamba fedha zitatoka kwa hatua. Kwanza tutalipia upembuzi wa awali peke yake: kilo za wiki za kilele kutoka vitabu vya mizani, maji yapimwe kati ya Agosti na Oktoba, udongo wa eneo uchimbwe uonwe, TANESCO waulizwe gharama ya kufikisha umeme wa njia tatu, na matakwa ya NEMC, wasimamizi wa mazingira, kuhusu maji machafu yajulikane. Makisio yataandikwa kwa kiwango cha chini na cha juu, pamoja na bei ya dola iliyotumika, kwa sababu mashine zinaagizwa nje. Kisha mkutano mkuu utapiga kura: tuendelee, tubadili au tusimame. Upembuzi yakinifu ukikamilika tutapiga kura tena, na baada ya usanifu wa kina mara ya tatu. Atakayefanya upembuzi hatakuwa muuzaji wa mashine. Hili halina mjadala.

Halmashauri tunaiomba itupatie mhandisi wa kusoma ripoti pamoja nasi. Na kila mwanachama mwenye stakabadhi za mizani za misimu mitatu iliyopita, hata zilizochanika, azilete kwa Katibu kabla mavuno hayajaanza.

Limetolewa Isansa, Mbozi, na Mwenyekiti na Katibu kwa niaba ya mkutano mkuu.