Saiprasi ipi, mdogo wangu?

Leo naziweka pembeni habari za wapenzi kununiana, tuongee safari. Siyo ya Dubai, hiyo tumeiongea mpaka basi. Naongelea kisiwa cha Bahari ya Mediterania kinachoitwa Kupro, ile Kipro ya kwenye Matendo ya Mitume, ingawa wengi wetu tunaitamka Saiprasi. Wasichana na wavulana kibao kutoka Afrika Mashariki, Kongo na Nigeria wanakwenda kusoma kule, na mchongo wenyewe siku hizi umefika mpaka vijijini.

Mimi nimeukuta Magole. Kwa wasiopajua, Magole ipo wilaya ya Kilosa, jirani na Dumila, kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, pale inapochepuka njia ya Turiani. Ndiko anakoishi baba yangu mdogo. Binti yake amemaliza kidato cha sita, na ajenti mmoja amemletea barua ya kukubaliwa chuo "Ulaya". Ufadhili asilimia 50, na kazi atapata huko huko, kwa hiyo ada iliyobaki itajilipa yenyewe. Baba mdogo alikuwa ameshapata mnunuzi wa shamba lake la mahindi, ekari tatu. Akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, wewe uliyesoma, hii Ulaya ni ya kweli?"

Barua ilikuwa ya kweli, na chuo kipo. Lakini chini kabisa, kwa herufi ndogo, anwani iliishia na maneno "Mersin 10, Turkey" na namba ya simu ilianza na +90. Hapo ndipo penye kazi.

Kisiwa kile ni kimoja ila kina pande mbili. Mwaka 1974 kulitokea mapinduzi yaliyoungwa mkono na watawala wa kijeshi wa Ugiriki, jeshi la Uturuki likaingia, na tangu hapo Wagiriki wako kusini, Waturuki kaskazini, na katikati kuna ukanda unaolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Kusini ndiyo Jamhuri ya Kupro inayotambuliwa na dunia. Iliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004 na inatumia euro tangu 2008. Kaskazini walijitangazia nchi yao mwaka 1983, na inayoitambua ni Uturuki peke yake. Pesa yao ni lira ya Kituruki. Barua zao zinapitia mji wa Mersin, Uturuki, ndiyo maana ya ile anwani. Simu za kusini zinaanza na +357. Ukiangalia na tiketi, inayoishia Larnaca au Paphos ni ya kusini, inayoishia Ercan ni ya kaskazini, na kwenda Ercan lazima upitie Uturuki.

Sasa dada, mtu akikuambia unakwenda Ulaya halafu tiketi imeandikwa Ercan, hajakudanganya kuhusu ramani. Amekudanganya kuhusu sheria. Kibali cha ukaazi cha kaskazini hakikupi ruhusa ya kukanyaga kusini. Mji mkuu Nicosia wenyewe umekatwa katikati, unaweza kusimama mtaani ukawaona wenzako wa upande wa pili wanakunywa kahawa, na wewe huvuki. Wanaovuka kwa njia za panya wengi wao huishia kwenye kambi ya Pournara wakiomba hifadhi, na hapo habari ya shahada imekwisha. Tanzania haina ubalozi upande ule, msaada wa karibu utautafuta Ankara.

Je, vyuo vya kaskazini ni kanyaboya? Hapana, nisiwaonee. Vipo vikubwa, vinafundisha kwa Kiingereza, na watu wanahitimu. Ila kabla hujatoa hata senti tano ya kianzio, nenda Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, uliza mambo mawili: shahada ya chuo hicho itatambuliwa hapa nyumbani? Na huyu ajenti mnamfahamu? Kujibiwa ni rahisi kuliko kurudi na cheti ambacho mwajiri anakigeuza geuza.

Tuje kwenye mkwanja, maana ndiko ndoto nyingi zinakofia. Ule ufadhili wa asilimia 50 ni punguzo la ada, haukulishi wala haukulazi. Ada inatajwa kwa euro, vyumba mara nyingi hupangishwa kwa pauni za Uingereza, lakini ukipata kibarua unalipwa lira, na lira imeporomoka vibaya tangu 2018. Pia mwanafunzi hafanyi kazi hivi hivi, anatakiwa awe na kibali, na asiye nacho ndiye anayeoshwa vyombo mwezi mzima halafu akadhulumiwa, kwa sababu hana pa kushitaki. Ripoti ya Marekani kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu imetaja mara kadhaa wanafunzi wa kaskazini mwa Kupro walioahidiwa ufadhili na kazi, wakaishia kutumikishwa, wengine hata kuuzwa kimwili. Kwa hiyo hesabu yangu ni ya kishamba tu: kama huna ada na matumizi ya mwaka mzima mkononi kabla ya kupanda ndege, usipande.

Na hapa naongea na ninyi mnaobaki. Mama, baba, kaka, na wewe mchumba unayesema utasubiri. Binti akifika, wiki ya pili tu simu zinaanza: bati zimevuja, mdogo wako karudishwa shule, tuma chochote. Yeye anaona aibu kusema hana, maana shamba limeuzwa kwa ajili yake. Ndiyo anaanza kutafuta pesa popote, na hiyo "popote" kwa msichana mgeni wa miaka 20 mnaijua. Nilimwambia baba mdogo waziwazi, tena mbele ya binti: mwaka wa kwanza asiombwe hata shilingi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hilo ndilo gumu, mama." Ni gumu kweli. Mnunuzi wa shamba ameambiwa asubiri mpaka TCU wajibu.

Jambo lingine watu wanaona haya kulisema: afya. Ukifika kaskazini utapimwa kwa ajili ya kibali, ikiwemo VVU, na wapo waliorudishwa kwa sababu ya majibu. Sikubaliani na utaratibu huo, lakini upo. Pima nyumbani kwanza, kwa amani yako, ujue unasimama wapi.

Kwa anayekwenda akiwa amejipanga, kisiwa chenyewe kizuri. Kilitawaliwa na Waingereza kama sisi, kikapata uhuru mwaka 1960, ndiyo maana magari yanapita kushoto na soketi ni zile zile za pini tatu. Chaja yako ya Kariakoo itaingia bila adapta. Misimu imegeuka. Mvua hunyesha wakati wa baridi, Desemba mpaka Februari, na nyumba nyingi zina unyevu, kwa hiyo beba sweta nzito na tenga hela ya umeme wa hita. Julai na Agosti ni jua kali la kukaribia digrii 40 na hakuna mvua. Unga wa mahindi unaitwa mısır unu, mwingi ni wa njano, na Waafrika wengi husonga wa semolina. Jifunze Kituruki cha sokoni mapema, muuza nyanya hajui Kiingereza. Rasta utasukwa na wanafunzi wenzako, ila nywele nunua huku, beba pakiti za kutosha.

Na pasipoti kaa nayo mwenyewe. Mwajiri au ajenti akiitaka "akutunzie", mpe kivuli.